Juu ya mahubiri ya mtumbwi na tufani

Katika Dominika ya 12 ya mwaka B, Kanisa linatusomea habari ya Bwana wetu Yezu Kristu aliyelala usingizi mtumbwini huku tufani ikivuma. Habari hiyo iko mwisho wa sura ya 4 ya Evanjili ya Marko. Mwaka 2024 Dominika hiyo ilikuwa tarehe 23 Juni. Ndugu wasomaji wa pwani ya kaskazini ya ziwa letu wanakumbuka miezi iliyotangulia: Aprili na Mei maji ya Tanganyika yalipanda sana, yakaingia nyumbani mwa watu, Uvira kwetu na Bujumbura ng'ambo. Wako waliosikiliza somo hilo wakiwa wamekwisha kuhama.

Basi, tunataka kusema neno juu ya namna somo hilo linavyohubiriwa kwetu. Hatumtaji padri wala katekista yeyote, maana kosa tutakalolisema tumelifanya sisi wenyewe, tena si mara moja.

Mahubiri yenyewe mnayajua. Mtumbwi ni maisha yetu, mawimbi ni taabu zetu, Yezu yumo ndani, basi tusiogope. Mwenye imani atamwamsha Yezu kwa sala, na tufani itanyamaza. Asiye na imani atazama. Kiisha unaimbwa wimbo, na watu wanarudi kwao. Fratri akipewa somo hilo kwa zoezi la kuhubiri, kwa kawaida atapita njia hiyohiyo, kwa sababu ndiyo aliyoisikia tangu utoto wake.

Hatusemi kwamba kila neno la mahubiri hayo ni la uwongo. Twasema kwamba mhubiri anakimbilia mwisho wa habari kabla ya kusoma mwanzo wake, na katika kukimbia huko anaangusha njiani mambo ambayo Marko ameyaweka kwa makusudi. Tuyaokote moja moja.

La kwanza: ni jioni, na ni Yezu mwenyewe aliyetoa amri ya kuvuka. Wanafunzi hawakuingia ziwani kwa ukaidi. Kama wangalibaki ufukoni, wasingalipata tufani. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba taabu ya ghafula ni dalili ya kutoka katika njia ya Mungu, aanze kwa kueleza mstari huo. Wanafunzi walikutwa na upepo kwa sababu walitii.

La pili: Marko anasema kwamba palikuwa na mitumbwi mingine pamoja naye. Matayo hana neno hilo, Luka hana. Marko analitaja mara moja, halafu haisemi tena mitumbwi hiyo hata mwisho. Wahubiri wengi hawaioni kabisa. Lakini mtu wa Kalundu au wa Makobola ataiona upesi, kwa sababu anajua jinsi watu wanavyotoka usiku kuvua ndakala: hawatoki peke yao. Usiku usio na mwezi taa zao zaonekana toka milimani kama kijiji kizima kilichohamia majini. Upepo ukianguka, unawaangukia wote. Basi tunauliza: mitumbwi ile mingine ilipatwa na nini? Kama ziwa lilitulia, lilitulia kwao vilevile. Wao hawakumwamsha Yezu. Labda hawakujua hata kidogo nani aliyewaponya. Hapo mahubiri yetu ya kwamba tufani hunyamaza kwa kipimo cha imani ya mtu yanapata shida, na shida hiyo imo katika Maandiko yenyewe, hatukuileta sisi.

La tatu: mawimbi yaliingia. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kuanza kujaa. Marko hasemi kwamba mawimbi yalitisha kwa mbali, wala kwamba Yezu aliyazuia ukingoni. Maji yalikuwa miguuni mwao, na Yezu yumo. Tena wale waliokuwa wakiogopa hawakuwa watu wa bara. Petro, Andrea, Yakobo na Yoane walikuwa wavuvi wa ziwa lilelile. Ziwa la Galilaya ni dogo mbele ya letu: urefu wake ni kilometa 21 hivi, na Tanganyika inapita 670. Lakini limezungukwa na vilima, na upepo unashuka juu yake kwa ghafula, kama unavyoshuka kwetu kutoka Mitumba. Mvuvi anajua tofauti ya upepo wa kuchezea na upepo wa kuua. Hofu ya wanafunzi ilikuwa hofu ya watu wanaojua kazi. Mhubiri anayeicheka hofu hiyo, mara nyingi ni mtu ambaye hajapiga kasia kutoka Uvira mpaka Mboko wakati wa upepo wa kusini.

La nne ni neno dogo. Yezu amelala upande wa nyuma wa chombo, kichwa chake juu ya mto. Marko peke yake anautaja mto huo wa kulalia. Katika lugha yetu neno hilo lina mashaka yake: kitu cha kuegemeza kichwa na maji yashukayo mlimani vyote twaviita mto. Mtoto wa mafundisho ya ubatizo akisikia kwamba Yezu alilala juu ya mto, anaweza kuuliza ni mto gani, Mulongwe au Kalimabenge? Wakubwa watacheka. Mtoto wa Uvira hana sababu ya kucheka, maana anajua mto ulio wa kwao.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani juu ya Uvira. Ilikuwa Alhamisi ndani ya juma la Pasaka. Mulongwe ukajaa, ukatoka katika njia yake, ukapita mjini na mawe na miti na matope. Daraja likavunjika. Watu zaidi ya 40 walikufa, na makumi ya maelfu wakakosa pa kulala. Tena makanisa yalikuwa yamefungwa: tangu Machi mwaka ule, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mikutano ya ibada ilikuwa imekatazwa katika Kongo yote. Wakristu wetu hawakupata hata kukusanyika kwa misa ya Pasaka, na siku nne baadaye wakaja maji.

Kati ya waliokufa walikuwamo watu waliosali jioni ile. Hatuhitaji ushuhuda kwa kulisema hilo. Mji wa Uvira ni mji wa watu wanaosali. Basi mhubiri atakayesimama mbele ya jamaa zao na kusema kwamba mwenye Yezu mtumbwini hazami, anasema nini juu ya wafu wao? Yeye hakukusudia kusema hivyo. Lakini mama aliyepoteza watoto anajua kupiga hesabu: kama imani huzuia maji, na maji yakaingia, basi imani yetu haikutosha. Anarudi kwake na mizigo miwili, wa msiba na wa hatia. Wa pili tumempa sisi, kanisani, kwa sauti nzuri.

Kosa hili ni la zamani, na Bwana wetu amelijibu kwa maneno wazi. Luka anasimulia katika sura ya 13 juu ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Yezu anakataa kwamba hao walikuwa na hatia kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu. Anawaita wasikilizaji wote kutubu, lakini hesabu ile ya msiba na dhambi anaivunja. Sisi tunalijua somo hilo. Hata hivyo tulilisahau tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipopinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, likalipuka. Walikufa watu zaidi ya 200. Ilikuwa jioni ya mashindano ya kandanda ya Kombe la Dunia, na wengi walikuwa wamekusanyika kutazama mchezo. Tulisikia watu wakisema: walikwenda kuiba petroli. Wengine walikwenda kuchota, ndiyo. Lakini moto uliwafuata hata waliokaa chini wakitazama mpira, na watoto nyumbani. Siloamu ilikuwa Sange siku ile, na wengi wetu tulihubiri kama marafiki wa Yobu.

Turudi kwa Marko. Wanafunzi wanamwamsha Yezu, na maneno yao si ya adabu. Katika Matayo wanamwita Bwana na kuomba wokovu. Hiyo ni sala iliyo tayari kuandikwa katika kitabu cha sala. Katika Luka wanamwita mara mbili na kusema kwamba wanaangamia. Katika Marko wanamwita Mwalimu, na kumwuliza kama hajali kwamba wanakufa. Hilo ni lawama. Kwetu mtoto asemaye hivyo kwa baba yake atanyamazishwa na wakubwa. Twadhani Marko ameiandika kwa sababu ndivyo watu wanavyolia maji yakiwa miguuni. Na angalieni: Yezu hakuikataa. Aliamka kwa lawama hiyo, hakungoja wapate maneno mazuri zaidi.

Majuma matatu tu kabla ya mafuriko ya Mulongwe, jioni ya tarehe 27 Machi 2020, Papa Fransisko alisimama peke yake chini ya mvua katika uwanja wa Mtakatifu Petro, nao ulikuwa mtupu kwa sababu ya ugonjwa, akaeleza somo hilihili la Marko. Mahubiri yake yafaa kusomwa na kila fratri anayejifunza kazi hii. Alikaa juu ya mambo ambayo sisi tunayaruka. Alionyesha kwamba Yezu alilala upande wa nyuma, nao ndio utangulizao kuzama. Alikaa vilevile juu ya swali lile la kutojali: alisema kwamba ni neno linalochoma moyo, hata katika jamaa, na kwamba lilimtikisa Yezu pia, kwa kuwa hakuna anayetujali kumpita yeye. Hakuahidi kwamba waaminio hawatapatwa na ugonjwa. Italia wakati ule mapadri wengi walikuwa wanakufa, naye alijua.

Hapa tumefika penye shina la jambo. Mtu atatupinga: Je, Yezu hakuwakemea kwa kukosa imani? Mnataka kulainisha Evanjili? Hapana. Makemeo yapo, na lazima yahubiriwe. Lakini yahubiriwe mahali pake. Katika Matayo Yezu anawauliza juu ya imani yao kwanza, kiisha anaamuru upepo. Mtu mwenye haraka anaweza kujenga juu ya mpango huo fundisho lake kwamba imani hutangulia na msaada hufuata, ingawa hata katika Matayo Yezu aliinuka bila kungoja jibu. Katika Marko, na katika Luka, mpango ni mwingine: kwanza ziwa linatulia, halafu ndipo linakuja swali. Walisaidiwa wakiwa hawana imani, na baadaye wakaulizwa juu yake. Mhubiri wa mwaka B anasoma Marko. Asilete mpango wa Matayo mfukoni.

Tena, walikosa imani ya namna gani? Hawakukosa kuamini kwamba Yezu anaweza. Kama wasingeamini, wasingemwamsha seremala akomeshe upepo. Walilolitilia mashaka ni moyo wake. Waliona usingizi wake, wakaufasiri kuwa ni kutojali. Sisi twaona kwamba makemeo yanapiga hapo hasa. Kumtegemea Kristu katika taabu ya ghafula, kwa kadiri ya somo hili, ni kukataa kuufasiri usingizi wake kwa ubaya, hata maji yakiwa yanaingia, hata kama kinywa kinalia kwa hofu. Hofu yenyewe hakuna dawa yake katika sura hii. Mafratri wanaosoma Kigiriki waangalie neno moja ambalo Marko analirudia mara tatu: tufani ni kubwa, utulivu ni mkubwa, na mwishoni, ziwa likiwa limekwisha kutulia, hofu ya wanafunzi ni kubwa. Waliogopa zaidi baada ya kuokoka. Mahubiri yanayoahidi kwamba imani huondoa hofu hayakusoma mstari wa mwisho.

Yako mambo mengine katika Marko yanayotakiwa kuwekwa karibu na haya. Katika sura ya 14, huko Getsemani, watu walewale na Bwana yuleyule wako tena usiku. Sasa wanafunzi ndio waliolala. Yezu ndiye aliye macho, ndiye anayeingiwa na hofu na huzuni, ndiye anayewajia mara tatu. Na hapo utulivu haukuja. Aliomba kikombe kiondolewe, na kikombe hakikuondolewa. Kama mtu akihubiri mtumbwi bila Getsemani, amehubiri nusu.

Sisi wa jimbo la Uvira tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine, kwa sababu ya Baraka na Fizi. Mwaka 1964 vilevile maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda sana, na juu ya maji hayo ikaja vita ya Simba. Jimbo lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Tarehe 28 Novemba, mchana, gari la Simba lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Ndugu Vittorio Faccin, mtawa wa Shirika la Wasaveri, mwenye miaka 30, aliamriwa kupanda. Alikataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha watu. Alitoka nje, akaona, akapiga magoti karibu na mwili wa mwenzake, akauawa papo hapo. Jioni, kule Fizi milimani, waliuawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Huyu wa mwisho ni wa kwetu kwa damu: alizaliwa mwaka 1908 pwani hiihii ya ziwa, upande wa Moba, na mama Mkongo, Agnes Atakaye, na baba Mfaransa, kapteni Joubert. Alikuwa padri tangu 1935. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri, kwa jina la Baba Mtakatifu. Ilikuwa majuma manane baada ya Dominika ile ya mtumbwi.

Wengi wetu tulihubiri siku zote mbili. Hatukuona kwamba mahubiri yetu ya Juni yanakana yale ya Agosti. Mwezi wa Juni tulisema: mwenye Yezu hazami. Mwezi wa Agosti tulisifu watu wanne waliokuwa na Yezu wakazama. Padri Carrara hakukosa imani, na hakuna aliyenyamazisha bunduki. Tena tunaposimulia habari zao, tunazoea kuongeza kwamba hawakuogopa hata kidogo. Nani ametuambia? Yezu mwenyewe aliogopa Getsemani. Tukiwaondolea wenyeheri hofu yao, tunawafanya kuwa watu wa namna nyingine, wasioweza kumsaidia mkristu wa Baraka anayesikia milio ya bunduki leo usiku na mikono yake inatetemeka. Tunajua yale waliyoyatenda: mmoja alikataa kupanda gari, mmoja alipiga magoti. Yanatosha.

Kwa katekista anayeongoza sala kijijini pasipo padri, tunashauri mambo machache tu. Asome somo lote, asiache mitumbwi mingine. Asieleze upesi mawimbi kuwa ni mfano wa taabu; kwa watu wa pwani mawimbi ni mawimbi kwanza, na wako walio na wafu humo. Kama kuna matanga kijijini, asiseme neno lolote juu ya kadiri ya imani ya marehemu wala ya jamaa zake. Wanaolia na kumlaumu Mungu asiwanyamazishe haraka. Akae nao, kama wale waliokuwa chombo kimoja. Na somo la kwanza la Dominika hiyo, la Yobu, alitumie: humo Mungu anasema na Yobu toka ndani ya tufani, anamwuliza nani aliyeifungia bahari milango, lakini hamwambii kwa nini watoto wake walikufa. Mhubiri asijaribu kusema lile ambalo Mungu hakulisema pale.

Mwisho tunakumbusha kwamba sura hazikugawanywa na Marko. Aliye na Biblia yake afungue, asome moja kwa moja mpaka mwanzo wa sura ya 5. Wanafunzi wamelowa, usiku ungali usiku, wanaulizana huyu ni nani, na hakuna aliyewajibu. Hivyo wanafika ng'ambo, wanashuka, na mtu wa kwanza anayewakimbilia ametoka makaburini.